Safari Saba za Kizimba

Saa mbili asubuhi.

Chumba cha nyuma cha duka la cherehani kilinuka mafuta ya mashine na vitambaa vipya. Kichwa alifuta meza kwa kiganja, akapanga vitu vitatu: mkasi, kifungo na kipande cha chaki.

"Mnakijua kile kitendawili cha chui, mbuzi na majani?"

Shemeji, mume wa dada yake, alikuwa amekaa karibu na dirisha. Nyundo alikuwa ameegemea mlango. Chumba kizima kilikuwa katikati yao, na bado hakikuwatosha. Miaka mitatu walikuwa hawajasalimiana, tangu ile kazi ya wizi ambayo Nyundo aliondoa gari na kumwacha Shemeji mikononi mwa polisi. Shemeji alikula kifungo chake mpaka mwisho. Alitoka na kikohozi na macho ya mtu anayesubiri zamu yake.

"Msijisumbue," alisema Kichwa. "Nyie si wa kufikiri. Nyie ni wa kubeba."

Jina la Kichwa alijipa mwenyewe, likashika. Aliamini kwamba yeye Mungu alimuumba akiwa hajachoka, ila alipofika kwa hawa wengine aliishia shingoni.

Alieleza. Dhahabu ya mgodi hukusanywa ofisi ya ununuzi, ndani ya sanduku la chuma lenye magurudumu, kabla ya gari la ulinzi kuja kuichukua. Wataingia wakati wa chakula cha mchana. Tatizo ni kutoka. Barabara ni moja na daraja ni moja, na darajani kuna polisi siku zote. Lakini juu kidogo, kwenye machimbo ya mawe yaliyofungwa, kuna waya mnene uliovuka bonde kutoka ukingo hadi ukingo, na kizimba kinachoning'inia. Mtu anaingia ndani, anazungusha winchi, roda ya kujivutia, kwa mkono, anavuka.

"Kinabeba watu wawili. Au mtu na sanduku. Basi. Nilijaribu na viroba vya mchanga, nilipofikisha uzito wa mtu wa tatu klipu inayoubana waya ikateleza. Chini ni mawe, na mawe hayana godoro." Alitoa mkono wa winchi kwenye mfuko, chuma kilichopinda kama kiwiko. "Hiki ninacho mimi. Hakiachwi kwa mtu. Kila safari nimo."

Aligusa chaki. "Hili sanduku. Liachwe na Shemeji peke yake? Hapana. Na Nyundo peke yake? Hapana. Nyie wawili bila sanduku? Kaeni mpaka muote mizizi, mtanuniana tu."

Akavisogeza vile vitu mezani huku akisema. "Nalivusha sanduku. Narudi. Namvusha Shemeji, nalirudisha sanduku huku. Naliacha, namvusha Nyundo. Narudi, nalichukua sanduku. Kwisha."

Dada yake alikuwa kwenye cherehani, mguu ukikanyaga pedeli bila kupumzika. Ndiye atakayesubiri ng'ambo na gari.

"Hizo safari saba, kaka," alisema bila kuinua macho. "Mkiaminiana ni tano."

"Wewe shona."

"Na sanduku likifika ng'ambo mara ya kwanza litakuwa na nani? Si na mimi?"

"Wewe ni damu yangu."

"Na mume wangu akishavuka, damu inageuka maji?"

Kichwa alicheka kidogo, kama mtu anayechekea mtoto. Shemeji alitazama nje ya dirisha.

Saa sita na nusu mchana.

Mlinzi alikuwa na bakuli magotini na kijiko mdomoni. Nyundo alimpiga kofi moja la nyuma ya sikio, kijiko kikaruka. Shemeji alimfunga kamba na kumlaza kwa upole uliomkera Kichwa.

"Unambembeleza?"

"Ana umri wa baba yangu."

Ndani kulikuwa na karani mmoja, mwanamke mnene mwenye miwani. Kichwa alimwonyesha bastola. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa na bastola. Wengine hakuwaamini hata na fimbo. Karani alishuka chini ya meza kama alivyoamriwa, na huko huko chini akakikuta kitufe cha kengele. Kichwa hakuwa amefikiria kwamba mwanamke anayetetemeka anaweza pia kuwa na akili.

Kengele ililia jengo zima.

"Mjinga nani sasa?" alisema Nyundo, akisukuma sanduku nje mbio.

"Funga mdomo. Sukuma."

Saa saba kasoro robo.

Ukingoni mwa bonde jua lilikuwa utosini. Ng'ambo, gari lilikuwa limegeuzwa tayari, na dada amesimama kando yake na leso kichwani. Ving'ora vilisikika kwa mbali, vikielekea darajani kwanza. Ndivyo Kichwa alivyotaka. Kwa muda.

"Wanakwenda darajani," alisema Shemeji. "Wakikosa, watakuja huku. Peleka sanduku, rudi utuchukue mmoja mmoja. Tuondoke."

"Mpango ni mpango."

"Mpango wako unarudisha mzigo ulikoibwa!"

"Na wewe unautaka ubaki na nani ng'ambo? Na mkeo?"

Kichwa alisukuma sanduku kizimbani, akafunga mlango wa nondo, akaanza kuzungusha. Waya ulilia. Mikono ilimuuma kabla ya kufika katikati. Alipotazama nyuma, wale wawili walikuwa wamekaa juu ya mawe mawili mbalimbali, wamepeana migongo. Alitabasamu. Mahesabu yalikuwa sahihi.

Akaliacha sanduku kwa dada, akarudi. Akamchukua Shemeji. Ng'ambo, dada alikuwa ameshalisogeza sanduku hadi nyuma ya gari, na buti liko wazi.

"Lirudishe kizimbani," alisema Kichwa.

"Kaka, unasikia ving'ora?"

"Nasikia. Sijaziba masikio."

"Nimekaa nalo peke yangu, na ufunguo wa gari mkononi. Ningetaka ningeshaondoka. Nimekusubiri wewe." Sauti yake ilishuka. "Na unamdharau mume wangu mbele yangu?"

"Sogea."

Alisogea. Kichwa alilivuta sanduku peke yake, jasho likimchuruzika hadi kwenye soksi, akarudi nalo kule kule polisi walikokuwa wanakuja. Hata yeye alihisi upuuzi wa jambo lile. Lakini mtu aliyejijengea jina juu ya akili hawezi kukiri upuuzi katikati ya bonde. Alizungusha.

Nyundo alipoliona sanduku linarudi alicheka hadi akashika magoti.

"Umelitembeza? Lilitaka hewa?"

"Ingia."

Sanduku lilibaki peke yake ukingoni, chini ya jua. Kichwa akamvusha Nyundo, akamshusha, akageuza kizimba tena. Mabega hayakuwa yake tena. Ving'ora vilikuwa vimeacha daraja.

Alipofika kwenye sanduku na kutazama ng'ambo, aliona kitu ambacho hakukipenda. Hawakuwa wamepeana migongo. Dada alikuwa amesimama katikati yao, anazungumza, mkono mmoja kwa huyu na mmoja kwa yule. Nyundo alikuwa ameinamisha kichwa. Shemeji alimshika begani. Halafu wote watatu wakageuka kumtazama yeye.

Alisukuma sanduku ndani, akazungusha kama mwendawazimu.

Saa saba na nusu.

Kizimba kilisimama ghafla, hatua tatu kabla ya ukingo. Nyundo alikuwa amekwamisha nondo mbele ya gurudumu la waya.

"Toa hiyo!"

"Siku ile," alisema Shemeji, taratibu, "nani alimwambia Nyundo aondoe gari?"

Kichwa alijaribu winchi tena. Haikusogea.

"Mimi uliniambia alikimbia. Yeye ulimwambia aondoe gari kwa sababu mimi nimeshakufa mle ndani. Miaka mitatu, mtu mzima na akili zangu, namchukia mtu kwa maneno yako."

"Nilikuuliza mara mbili," Nyundo alisema. "Ukaniapia kwamba umeona maiti."

"Mnanipotezea muda. Polisi hao!" Kweli, vumbi lilikuwa limetokea nyuma yake kwenye barabara ya machimbo.

"Sukuma sanduku tulivute kwa kulabu," alisema Shemeji. "Kisha tutakuvuta na wewe. Sisi si kama wewe."

Kichwa alichomoa bastola, akamwelekezea kifuani. Kizimba kiliyumba. Dada alipiga hatua moja, akasimama mbele ya mumewe. Hakupiga kelele.

"Piga basi, kaka."

Kidole kilikataa. Alimtazama dada yake aliyemlea mgongoni, kisha wale wanaume wawili, na hasira iliyompanda haikuwa ya kusalitiwa. Ilikuwa ya kuona kwamba shingo mbili zilikaa zikafikiri. Wangempa nafasi. Wangemhurumia. Hilo hakuliweza.

Alifungua mlango wa nondo upande wa bonde, akaweka mguu kwenye sanduku, akasukuma.

Lilichukua muda kufika chini. Mlio wake ulipanda bonde zima, kisha ukatulia.

Shemeji hakutukana hata tusi moja. Alimshika mkewe mkono. Dada alibaki anamtazama kaka yake, leso imemteleza hadi mabegani, na usoni mwake hapakuwa na chuki. Palikuwa na uchovu tu, kama wa mtu aliyemaliza kumwosha maiti.

"Twendeni," alisema.

Nondo waliiacha pale pale. Gari lilishuka upande wa pili wa kilima, vumbi likatua.

Polisi walifika ukingo wa nyuma wakiwa sita, bunduki mikononi. Wakamwona mtu mmoja anaelea katikati ya jua, amefungiwa mbele.

"Afande, tumvute?" aliuliza mmoja.

Mkubwa wao alitazama waya, akatazama kizimba, akavua kofia na kujipepea nayo.

"Tumvute ya nini? Kashajipandisha kizimbani mwenyewe."

Wakacheka. Wakatafuta kivuli cha mwamba, wakakaa chini, mmoja akatoa chupa ya maji ikapita mkono hadi mkono. Baada ya muda mrefu waya ulianza kulia tena, polepole, kizimba kikija upande wao. Hakuna aliyejisumbua kusimama.