Sauti ya Lukresia Mferejini

Vyura walinyamaza kabla Isack hajawasha tochi.

Kwa kawaida hunyamaza wakiona mwanga. Usiku ule alikuwa bado gizani, amechuchumaa kando ya mfereji unaopita chini ya kihamba chake, shamba la migomba la nyumbani, huko Mwika, kamera shingoni, simu mfukoni. Kisha, ng'ambo ya mfereji, kwenye migomba, mtu akasema:

"Isack, usisogee. Yuko hapo juu ya jani."

Ilikuwa sauti ya mkewe, Lukresia. Miezi saba iliyopita alikuwa amemzika hatua hamsini kutoka pale.

Zamani walipiga picha za vyura wa mitini pamoja. Mbinu ilikuwa ya Lukresia: alirekodi mlio wa dume kwenye simu, kisha akaucheza gizani. Dume wa pale, akidhani amevamiwa, hujibu, nawe unaufuata mlio wake mpaka kwenye jani. Mwishoni mwa rekodi moja ilinaswa sauti yake mwenyewe: "Isack, usisogee. Yuko hapo juu ya jani. Sasa njoo. Njoo upande huu, taratibu." Sekunde kumi na moja. Isack hakuwa na rekodi nyingine ya sauti hiyo. Tangu mazishi alishuka mferejini kila usiku, akaicheza, akasikiliza, akarudia.

Usiku ule hakuwa ameicheza bado.

"Nipo, mama Goodness," alijibu.

Hakupiga picha hata moja.

Siku ya tatu nyumba ilianza kunuka tope. Theopista, mama yake Isack, alipiga deki mara mbili na harufu ikabaki. Usiku sauti ilifika chini ya dirisha, maneno yaleyale, kwa mpangilio uleule, na baada ya kila "njoo" kitu chenye unyevu kilikwaruza ukuta kutoka chini kwenda juu. Usiku wa tano Isack aliamka akakuta kitanda cha binti yake kitupu na mlango wa jikoni wazi, akakimbia pekupeku katikati ya migomba akiita, akaanguka, akainuka, hata akamkuta Goodness, mtoto wa miaka saba, amesimama ndani ya mfereji, maji yakimfika kifuani, mikono ameinyoosha kuelekea ng'ambo, ambako hapakuwa na mtu ila jani moja la mgomba lililoinama kama limekaliwa.

"Mama kasema nije upande huu," Goodness alisema, akitetemeka. "Mbona umenishika, baba?"

Asubuhi Theopista alizungumza kwa kunong'ona, ingawa jua lilikuwa limetoka.

"Juzi mchungaji kaja kuomba. Hilo jini likamwambia asisogee, naye akaganda palepale mpaka bodaboda ilipokuja kumchukua. Leo namwita Sikudhani."

"Mama, sisi Walutheri."

"Kwani jini limekuuliza dhehebu?"

Sikudhani alikuwa mganga wa Moshi mjini. Alifika jioni na chetezo na mfuko wa ubani.

"Shikamoo, bibi," Isack alimwamkia.

"Marahaba. Lete hiyo simu niisikie."

Aliisikiliza mara moja.

"Limewahi kusema neno lisilomo humu?"

"Hapana."

"Basi ni jini la maji. Halina sauti yake. Ulimwita marehemu kama unavyowaita vyura, mwanangu, likaitika lililokuwa karibu. Futa."

"Bibi, sina sauti yake nyingine."

"Na watoto unao wangapi?"

Isack alikuwa naye mmoja.

Theopista alibaki ndani na mjukuu wake, mlango umefungwa kwa komeo. Isack na Sikudhani walishuka mferejini. Ubani ulipowaka, Isack aliicheza rekodi kwa mara ya mwisho, akaifuta.

"Isack, usisogee," sauti ilisema kutoka ng'ambo. Kisha: "Usisogee." Kisha ikawa pumzi, na pumzi ikawa maji yanayopita. Sikudhani alisoma dua mpaka harufu ya tope ikaisha. Akaanza kukusanya vitu vyake.

"Goodness amekula?"

Swali lilitoka migombani. Ndivyo Lukresia alivyouliza kila jioni aliporudi kutoka kukata majani ya ng'ombe.

Isack alimshika Sikudhani mkono. "Bibi, hilo halikuwamo kwenye simu."

"Nimesikia."

"Nimjibu?"

Mganga aliweka chetezo chini.

"Mwanangu, sijui anayeuliza ni nani."

Isack alijiziba mdomo kwa mikono miwili. Swali lilirudiwa mara moja, kwa mbali, kama la mtu aliyekwisha kushika njia. Walingoja. Halikuja tena.

Ndipo alipoondoa mikono.

"Amekula mtori," alisema. "Kamaliza bakuli."

Hapakuwa na aliyemsikia ila Sikudhani.