Mwenye Bodi

Waya ulikuwa umebaki mmoja dukani, na mikono iliyoushika ilikuwa miwili. Ilikuwa saa sita mchana, na jengo la vifaa vya umeme lilikuwa limefurika watu hadi kwenye ngazi. Mkono wa kwanza ulikuwa wa dada mwenye gauni la njano, lenye tundu dogo kwenye kiwiko lililochomwa na chuma cha kulehemu. Wa pili ulikuwa wa kaka mmoja mrefu, shati lake limepigwa pasi mbele tu, mgongoni Mungu anajua.

"Kaka, achia," alisema dada. "Nina bodi ya kielektroniki mezani, nimeibuni mwenyewe. Bila waya huu wa kuiunganisha na kompyuta siwezi kujua inasema nini."

"Bodi ya nini?"

"Ya majokofu ya chanjo. Ikikamilika, zahanati itajua jokofu linapata joto kabla dawa haijaharibika. Imebaki mtu wa kuiingiza kwenye kiini, na watu hao ni adimu."

Kaka aliuachia waya, maana kazi yake ilikuwa hiyohiyo. Kiini ni ile programu ya chini kabisa inayoamka kwanza kompyuta ikiwashwa, na kila bodi mpya lazima iandikiwe maelezo: ina vifaa gani, viko wapi, vinaamshwaje. Bila maelezo hayo kiini hakijui hata kimeamkia wapi.

"Chukua waya," akasema. "Ila unichukue na mimi."

"Wewe unauzwa bei gani?"

"Chai tu."

Walikunywa chai hiyo, wakaongeza ya pili. Wiki mbili baadaye bosi wa dada alimpa kaka kazi ya bodi kwa mkataba, na simu zao zikawa hazipoi. Kaka alimwita dada Fundi, naye akaitwa Bwana Kiini.

"Umekula, Bwana Kiini?"

"Nimeshiba sauti yako."

"Basi utakonda. Sikia, nimepunguza memori. Hii ina nusu ya ile bodi ya mwaka jana, na inatosha kabisa. Umenisikia?"

"Eeh, mpenzi."

Hakusikia kitu. Alikuwa ameegemea ukuta, macho kayafumba, anaifuata ile sauti tu. Kesho yake alifanya wanavyofanya watu wengi wa kazi yake: alinakili maelezo ya bodi ya mwaka jana, akabadilisha jina na mistari kadhaa, ule wa memori akauacha ulivyo.

Bodi iliwaka. Wakakumbatiana mbele ya watu bila haya. Baada ya dakika kumi ikazimika. Wakaiwasha, ikazimika tena, na ikawa hivyo siku nne mfululizo. Kaka alipekua maandishi yake asione kosa. Nyani haoni kundule. Siku ya tano bosi alimpigia simu kuuliza tatizo liko wapi, naye akajibu kama wanavyojibu watu wa mkataba, kwa yule aliyemwajiri.

"Nahofia ni bodi yenyewe, mkuu."

Fundi aliyasikia hayo kikaoni, mbele ya wenzake wote. Bosi aliagiza bodi arobaini zifungiwe kabatini na kazi apewe mbunifu mwingine. Mwaka mzima wa Fundi uliishia kwenye kabati la chuma. Alitoka nje uso umemwiva, simu ikaita.

"Fundi, mpenzi, nilitaka kukuambia..."

"Ulimwambia nani kwanza?"

"Bosi, aliponipigia simu."

"Siku nne nimekaa nawe meza moja. Ungeniambia, 'Fundi, naona bodi yako ina kasoro,' ningekubishia, tungegombana, yangekwisha. Wewe ukamwambia bosi. Usinipigie tena."

Wapo watakaosema alipata alichostahili. Mimi namhurumia, maana hakukusudia ubaya, na asiyekusudia ndiye anayeumia akiwa hajui hata atubu nini. Kwa wiki tatu alipiga simu zisizopokelewa. Mwishowe aliitoa bodi moja aliyobaki nayo, akautandaza mchoro wa Fundi sakafuni, akausoma kifaa kwa kifaa, polepole, kama barua yake. Kwenye ukurasa wa sita alikuta memori. Nusu.

Alikuwa amekiambia kiini kwamba nyumba ina vyumba vinane, kumbe Fundi kajenga vinne. Kila kilipokwenda kuweka mzigo chumba cha tano, kilianguka. Alirekebisha mstari huo mmoja, akaiwasha bodi. Siku mbili haikuzimika.

Asubuhi ya tatu alikwenda ofisini kwao. Bosi alimwona anapita mlangoni.

"Kijana, kuna habari?"

"Ipo, mkuu. Lakini naanza na mwenye bodi."

Fundi alikuwa mezani kwake, gauni la buluu, nywele kazifunga kwa kipande cha waya. Hakuinua kichwa.

"Kosa ni langu," kaka alisema. "Niliandika memori ya bodi ya zamani."

"Nilikuambia nimeipunguza."

"Uliniambia. Nikasema eeh, mpenzi."

"Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nakusikiliza."

"Ulikuwa unanifurahia. Hivyo ni vitu viwili."

Kaka alikubali kwa kichwa, akamsogezea kompyuta. Palikuwa na ujumbe unaoambatana na marekebisho, ule ambao ukishapokelewa kwenye kiini, ambacho ni cha wote na huandikwa hadharani, haufutiki na dunia nzima inausoma. Uliandikwa: *Nilikosea kiasi cha memori. Bodi ilikuwa sahihi tangu siku ya kwanza. Mbunifu wake aliniambia, nami sikumsikiliza.*

"Sijautuma. Ukitaka kuongeza neno, ongeza."

Fundi aliusoma mara mbili. Vidole vyake vikaandika: *kisha akamwambia bosi kosa ni la bodi.* Akayatazama maneno hayo, akayafuta.

"Hilo ni letu," alisema, akautuma ujumbe mwenyewe.

Ndipo walipokwenda kwa bosi pamoja. Bosi alisikiliza, akatoa ufunguo wa kabati, akasema, "Binti, nimekukosea," na kwa mtu wa aina yake hiyo ilikuwa hotuba.

Waliporudi mezani kaka hakuondoka. Alisimama akivuta kifungo cha shati.

"Kuna jingine. Nataka kukuoa."

Fundi alikizima chuma cha kulehemu na kukiweka pembeni.

"Mama yako anajua?"

"Hajui."

"Wajomba? Yule shangazi yako asiyepitwa na jambo?"

"Hakuna anayejua. Nimeanza na wewe."

Fundi alimtazama mpaka macho yakamlowa, akayapangusa kwa mkono wa gauni.

"Nimekubali," alisema. "Sasa nenda kampigie mama yako, asije akayasikia kikaoni."