Hatua Moja Pungufu

Ijumaa ya tarehe kumi na nne, saa nne na robo asubuhi, ugenini kwenye mashindano, mbele ya jukwaa zima, ndipo kila kitu kilipoharibika.

“Mpira mbovu!” mwamuzi akapaza sauti. Wa nne huo.

Mpira wa binti yangu ulikuwa umedondoka tena, ukala vumbi kabla ya kumfikia mdakaji. Kwenye softboli ukirusha mbovu nne, mpigaji anatembea bure hadi kituo cha kwanza, hana hata haja ya kuinua kigongo. Huyo alikuwa wa sita kutembea. Na binti yangu wanamwita Kombora! Mwaka mzima, kwenye uwanja wa shule yetu, wapigaji walikuwa wanausikia mpira wake tu, hawauoni.

Tukalala kumi na moja kwa mbili.

Nikaruka uzio. Mimi ndiye mtunza uwanja wa shule. Wananiita Baba Chokaa kwa ajili ya mistari ninayochora. Sina shati lisilo na weupe. Shule sikuisoma sana, ila mdomo ninao.

“Kocha! Mtoto umemfanya nini?”

Kocha, mwanamke mrefu anayefundisha jiografia, akanigeukia taratibu.

“Baba Kombora, tafadhali, siyo hapa.”

“Hapa hapa! Umemkamua kwa mazoezi mpaka mkono umekufa. Ndiyo kazi yenu nyie mliosoma, mnaharibu watoto wa watu halafu mnaandika ripoti!”

“Baba, nyamaza,” Kombora akaninong’oneza, macho yamejaa machozi. “Unanitia aibu.”

Nisiwafiche, mwanamke huyo nilikuwa nampenda. Mke wangu alifariki miaka mitano nyuma, wakubwa wa hospitali wakinizungusha dirisha hili hadi lile, mgonjwa nimembeba mgongoni. Tangu hapo moyo niliufunga. Halafu akaja huyu. Kila jioni baada ya mazoezi anakuja stoo kwangu, anakalia ndoo ya chokaa, tunakunywa chai. Wiki moja kabla nilimwambia, “Kocha, siku usipokuja, chai hainishuki.” Akacheka, akasema, “Basi sitakosa.” Tuliishia hapo. Na tulikuwa na makubaliano: yeye hagusi mistari yangu, mimi siingilii timu yake.

Sasa nilikuwa nimeyavunja mbele ya watu.

Mkuu wa shule akatoka chini ya mwavuli wake, miwani nyeusi usoni, anatabasamu kama mtu aliyeokota hela.

“Umesikia, Kocha? Hata mtunza uwanja ameona. Sheria ya mashindano ni kushindwa mara mbili, unafungasha. Mkishindwa tena, wewe Jumatatu usije. Nina mtu wangu anaitaka timu hiyo.”

Kocha akamwacha hapo. Alinitazama mimi.

“Ahsante, Baba Chokaa.”

Hajawahi kuniita hivyo. Kwake siku zote nilikuwa Baba Kombora.

Mchana nikampigia, akakata. Nikapiga tena. Ikaja meseji:

“Usinipigie. Nina wasichana kumi na watano wanalia huku.”

Nikaandika: “kocha nisamee ni asira tu.”

Akaisoma.

Nikatoka kwenda kutembea uwanjani, maana mtu wa mistari akiwa na mawazo anakagua mistari ya wenzake. Nikatoa kamba yangu ya vipimo, ile yenye mafundo. Nikaitandika kutoka kibao cha mrushaji hadi kibao cha nyumbani, pale anaposimama mpigaji. Fundo likaishia njiani. Hatua nzima pungufu!

Damu ikanipanda. Nikakimbilia hema la wasimamizi.

“Mmekosea uwanja! Mwanangu mmemrushisha kutoka mbali! Mnakaa hapa mnakunywa soda, kazi hamjui!”

Mama mmoja aliyekuwa na futi shingoni akanyanyuka, wala hakukasirika.

“Hebu lete hiyo kamba, baba.”

Akapima. Akapima tena.

“Uwanja wetu uko sawa. Kamba yako ndiyo ya watoto wa shule ya msingi. Wa sekondari wanarushia mbali zaidi. Nani kakupa vipimo hivi?”

“Ofisi ya michezo! Karatasi yao hii hapa.”

Akaikunjua. “Ina safu mbili, baba. Wewe umesoma ya kwanza.”

Nikaikunja kamba. Ndiyo, wale wa ofisi nawalaumu mpaka leo. Mtu wa chokaa unamrushiaje karatasi ya safu mbili bila kumweleza? Lakini fundo nililifunga mimi. Mwaka mzima binti yangu alizoea hatua moja pungufu, na Kocha hakuwahi kupima kwa sababu aliniamini.

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa uani kwenye bweni walilolala wasichana wetu. Kocha akatoka na mswaki mdomoni.

“Unataka nini?”

“Kosa ni langu.” Nikamweleza yote, kamba mkononi. Kombora akatokea nyuma yake, akasikia mwisho.

“Yaani Baba, mwaka mzima nawarushia watoto wa darasa la tano?”

“Mwanangu...”

“Ndiyo maana nilijiona fundi!”

Mdakaji wetu, msichana mfupi wanayemwita Nanga, akaangua kicheko. Kocha hakucheka. Akatema povu.

“Mkuu anajua?”

“Nimetoka kwake sasa hivi. Nimemwambia aninyooshee kidole mimi, siyo wewe.”

“Akasemaje?”

“Eti matokeo ndiyo yatasema.”

“Na kwa nini umeanza kwake kabla ya kuja kwangu?”

“Yeye namwogopa kidogo. Wewe nakuogopa sana.”

Akageuza uso upesi. Nikaona shavu limecheza.

“Bado nimekasirika, Baba Kombora.”

“Kasirika tu. Ila shika ncha ya futi hii.”

Tukapima upya pale uani, kwa futi niliyoazima kwa yule mama. Nanga akachuchumaa ukutani na glavu yake, Kombora akasimama penye alama mpya. Wa kwanza, vumbi. Wa pili, vumbi.

“Usiongeze nguvu,” Kocha akamwambia. “Mkono ukipita nyonga, chelewa kidogo tu, ndiyo uachie.”

Paa! Glavu ya Nanga ikalia.

“Mamaa! Umeniunguza!”

“Tena!” Kocha akapiga kelele. “Tena, Kombora, tena!”

Jumamosi hiyo tulishinda mbili. Ya kwanza kwa kuponea, ya pili kwa raha. Kombora akawa anachelewesha mkono, mpira unapanda, wapigaji wanakata upepo. Mkuu akahamisha kiti chake karibu na wapiga picha.

Jumapili, fainali, tukakutana na walewale wa Ijumaa. Sisi watu wa nje haturuhusiwi kukaa benchi, nikajibanza jukwaani. Tulipofika zamu ya mwisho tukiwa mbele kwa moja, simu ikatetemeka, meseji ya Kocha:

“Njoo usimame karibu na uzio. Siwezi kuangalia peke yangu.”

Sijui nilikanyaga miguu ya nani. Nilipofika, Kocha alikuwa ameshika waya kwa vidole.

“Umechelewa.”

“Nimepita juu ya watu.”

Vituo vyote vitatu vilikuwa na wapinzani. Wawili walishatolewa, alibaki mmoja kumalizia, na akaja msichana mwenye mabega, wenzake wanamwimbia, “Trekta! Trekta!” Kombora akarusha. Trekta kapiga hewa. Akarusha, kapiga hewa tena; akikosa wa tatu, ametoka. Kisha mbovu, mbovu, mbovu. Mmoja mbovu tena, wanasawazisha.

“Chelewa, mama, chelewa,” Kocha alikuwa anaomba.

“Atachelewa,” nikasema.

Kombora akapumua. Mkono ukazunguka, ukapita nyonga, ukachelewa. Trekta akakata kwa nguvu zake zote.

Paa!

Glavu. Nanga ameukumbatia mpira kama mtoto mchanga.

“Ametoka!” mwamuzi akanguruma.

Weee! Wasichana wakarundikana juu ya Kombora, mabinti wanalia, wanacheka, hawajui wafanye lipi. Kocha akanishika vidole kupitia waya wa uzio, akavibana hadi vikauma.

“Nimekusamehe tangu jana,” akasema. “Nilitaka tu uteseke kidogo.”

“Nimeteseka.”

“Vizuri.”

Mkuu akaja mbio, kombe ameshalikamata yeye kabla ya watoto, akapigwa picha tatu. Kisha akaniona.

“Wewe! Usidhani nimesahau. Mwaka mzima umechora uwanja wa uongo. Jumatatu saa mbili, ofisini kwangu.”

Nikafungua mdomo. Kocha akanitangulia, akapita mlango mdogo wa uzio, akasimama ubavuni kwangu.

“Akija yeye, nakuja na mimi. Ukimfukuza, nenda kamwite huyo mtu wako aje achukue timu.”

Mkuu akavua miwani. Ndiyo mara ya kwanza niliona macho yake.

“Hayo ni ya mfanyakazi wangu na mimi. Wewe unaingia kama nani wake?”

Kocha akanigeukia. Akanitazama. Nami nikamtazama, masikio yananiunguza, nisijue aanze nani. Wasichana wote wakasogea, hata Nanga. Kombora akajipenyeza katikati yetu, vumbi hadi kwenye kope, akamnyang’anya Mkuu kombe mikononi bila kuomba ruhusa.

“Kocha, umeulizwa swali,” akasema. “Wewe ni nani wake?”