Simu ya Jumapili

Kila jioni Navalayo alipotoka shuleni alipitia karakana ya useremala ya baba yake, kando ya barabara kuu pale Malava. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Alifagia maranda huku baba akipanga vifaa vyake, nao wakizungumza mambo ya darasani.

Lakini tangu dada yake Sylvia ajiunge na jeshi, habari zilikuwa za Sylvia tu. Baba yao, Mzee Erastus, aliandika kwa penseli ukutani kila hatua ya mafunzo: wiki ya kwanza, kwata; wiki ya sita, shabaha. Mteja aliyekuja kuchukua kiti aliondoka na habari za Sylvia hata kama hakuziulizia.

"Baba, mwalimu amesoma insha yangu mbele ya shule nzima," Navalayo alisema siku moja.

"Vizuri, mwanangu," baba akajibu, macho ukutani. "Unajua wiki hii dada yako anatembea kilomita arobaini na mzigo mgongoni?"

Navalayo aliona wivu, akazidi kufagia kwa nguvu. "Hata nikipaa angani, hataniona," aliwaza.

Jumapili, baba akikamua ng'ombe, simu yake ililia mezani. Navalayo akaipokea.

"Navalayo? Ni mimi Sylvia! Afande ameniazima simu dakika moja tu. Mwambie Baba niliteguka mguu kwenye matembezi, lakini nimetibiwa, naendelea vizuri. Asiwe na wasiwasi."

Simu ikakatika. Baba akaingia na ndoo ya maziwa.

"Nani huyo?"

"Wamekosea namba," Navalayo akajibu. Moyoni alisema, leo hatapata la kuandika.

Siku mbili baadaye Mzee Kipngetich wa Lugari, ambaye mwanawe alikuwa kurutu pia, alimpigia baba. Alikuwa amesikia kwamba binti mmoja wa kaunti yao ya Kakamega ameumia matembezini, akabebwa kwa machela. Jina hakulijua. Baba alirudi nyumbani mapema na hakugusa ugali.

Asubuhi alivaa koti la safari aende Eldoret, kwenye kambi ya mafunzo. Alifunga vifungo vibaya, mama akamfungia upya. Navalayo alipoona hivyo, machozi yakamtoka.

"Baba, usiende! Sylvia alipiga Jumapili. Ameteguka mguu tu. Mimi… mimi nilificha."

Baba aliketi kwa kishindo. "Umeniacha nikiteseka hivi, Navalayo? Kwa nini?"

"Kwa sababu mnamzungumzia yeye tu. Ni kama mimi sipo."

Baba akachukua simu yake, akaitafuta namba iliyopiga Jumapili. Kisha akaipiga. Afande akamhakikishia kwamba Sylvia ameanza kukanyaga vizuri na jana alirudi kwenye kwata. Baba akashusha pumzi, akavua koti.

"Njoo hapa," alisema. Navalayo akasogea akiogopa, lakini baba alimshika bega. "Kukusahau lilikuwa kosa langu, na nitalirekebisha. Kuficha ujumbe ni kosa lako, nawe utamwandikia dada yako barua umwombe msamaha."

"Ndiyo, Baba."

Mama akampangusa machozi. "Wivu humjia kila mtu, binti yangu. Ukikujia, useme tukusikie. Ukiuficha utakufundisha uongo, na uongo hauchagui wa kumuumiza. Umetaka kumkomoa Sylvia, aliyeteseka ni baba yako."