Gauni, Uso na Futi

Kitu cha kwanza nilichokiona ni futi. Ilining'inia shingoni mwa mwanamke kwenye bango, nje ya stesheneri ya jirani yetu. Mwanamke huyo alivaa gauni refu la sherehe. Nyuma yake kulikuwa na ukumbi wenye taa nyingi. Lakini shingoni alikuwa na futi ya kupimia nguo, ile ya njano.

Nani anakwenda kwenye sherehe na futi ya fundi?

Nikasogea karibu, nikamtazama usoni. Alikuwa mimi.

Shangazi yangu ni fundi cherehani, nami ninamsaidia. Ninapiga pasi na kushona vifungo. Nguo ikiisha, naivaa ili aipige picha kwa simu. Picha hupigwa harakaharaka, mteja mwingine akiwa mlangoni. Hata futi iliyo shingoni huwa sipati nafasi ya kuivua.

Nilimweleza Shangazi habari za bango. Aliendelea kukanyaga cherehani.

"Ukumbi gani huo? Wewe umeingia ukumbini lini?"

"Sijaingia, Shangazi."

"Basi si wewe. Kapige pasi, nyota wa sinema."

Sikubisha. Mimi si mtu wa kubisha. Lakini moyo haukutulia. Bango lile lilikuwa la duka la kukodisha nguo, lile la kwenye kona. Hatujawahi kuwapa hata kipande cha kitambaa. Uso wangu ulifikaje kwao?

Mchana aliingia Mama Pacha, mteja wetu wa siku nyingi. Hakusalimu. Alimsogezea Shangazi simu mpaka puani.

"Fundi, huyu nani?"

Kwenye picha alikuwa Mama Pacha mwenyewe, amevaa gauni la mgongo wazi.

"Ni wewe," Shangazi alisema kwa sauti ndogo. "Mbona umependeza?"

"Nimependeza! Mgongo wangu umeona jua lini? Mama mkwe ndiye aliyenitumia. Anauliza nimeanza lini mambo haya. Na kilemba hiki nilikifunga siku niliyokuja kujaribu nguo hapa kwako. Nani kaipeleka picha yangu?"

Cherehani ikanyamaza.

"Nilimpa Flashi," Shangazi alisema. Flashi ni mpiga picha wa mtaa wetu. "Alisema ataifundisha kompyuta ushonaji wangu, ili initolee picha za mitindo mipya. Nikampa simu, achukue picha zote."

"Zote? Na zangu?"

"Nilidhani zikiwa nyingi ndiyo itajifunza vizuri."

"Nirudishie kitambaa changu," Mama Pacha alisema. "Na wenzangu nitawaambia. Hakuna atakayevua nguo humu tena."

Akatoka. Bila wateja kujaribu nguo, duka lingekwisha. Shangazi akanishika mkono. "Nionyeshe hilo bango."

Dada mwenye stesheneri alitukuta tumesimama mbele ya bango.

"Nimelichapa mimi," alisema. "Kalileta Flashi. Nami nilijiuliza, hiyo futi ni fasheni gani?"

"Kompyuta imeniloga," Shangazi alisema.

"Haijakuloga, Fundi. Hiyo ni programu ya akili mnemba. Haijui gauni ni nini. Inatazama picha ulizoipa, inashika yanayojirudia. Picha zako nyingi zilikuwa na gauni, na uso wa mtoto huyu, na futi. Basi kwake, vyote vitatu ni kitu kimoja. Ukiiomba gauni, inakuletea na mvaaji na futi yake."

Tukampigia Flashi simu. Alikuja akitafuna ubani.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Huyu nani?"

Flashi alitazama bango. "Huyo hayupo duniani. Ameundwa na kompyuta."

"Ameundwa kwa uso wa nani?" Dada wa stesheneri akauliza.

Flashi alinitazama, akalitazama bango, akacheka. Mimi sikucheka.

"Lakini Fundi alinipa mwenyewe."

"Nilikupa mitindo yangu," Shangazi alisema. "Sikukupa wateja wangu. Na watu wa kona wameipataje hiyo programu?"

Ubani ukasimama mdomoni. "Niliiacha wazi mtandaoni. Yeyote anaweza kuitumia. Wale niliwaonyesha tu njia, na bango nikawaletea hapa lichapwe."

"Uliwaonyesha tu!"

Dada wa stesheneri alimkalisha kwenye kompyuta. Flashi akaifuta programu ile aliyoifundisha, kisha picha zetu zote. Nilisimama nyuma ya kiti chake. Kila alipobonyeza, nilitaka kuona amebonyeza nini.

"Sasa imekwisha?" nikauliza.

"Hapa imekwisha," Dada alijibu. "Picha zilizokwisha kusambaa hatuwezi kuzikusanya zote. Ndiyo maana mtu anaulizwa kabla, si baada."

Shangazi alilibandua bango kwa mkono wake. Kisha alikwenda kwa Mama Pacha kuomba radhi, na kwa mama mkwe pia. Alirudi jioni amechoka, lakini kitambaa kilibaki kwetu.

Tulianza upya. Tuliivisha nguo sanamu isiyo na kichwa. Tukaipiga picha mbele, nyuma na ubavuni, ndani na nje, bila futi. Hatukuweka picha ya mteja hata mmoja. Flashi aliifundisha programu mpya, akaifunga kwa neno la siri la Shangazi. Niliijaribu kwa simu ya Dada, nione kama kweli haifunguki. Haikufunguka.

Picha ya kwanza ilitoka na gauni la mikono mitatu. "Huyu atalipia mkono wa ziada," Shangazi alisema. Zilizofuata zilikuwa nzuri. Chini ya kila moja tuliandika kwamba imetengenezwa na kompyuta. Shangazi alibakiza zile anazoweza kuzishona kweli. Wateja walirudi, wakawa wanachagua kwa kidole. Mama Pacha alichagua gauni lenye mgongo uliofunikwa vizuri.

Siku moja Shangazi aliniletea gauni jipya.

"Flashi anasema picha zetu zimepoa. Tukiweka uso wako zitachangamka. Vaa, mwanangu."

Nilibaki nimelishika.

"Mbona umesimama? Programu si tumeifunga?"

"Tumeifunga, Shangazi."

"Sasa nini?"

Mimi si mtu wa kubisha. Lakini maneno yalitoka.

"Hujawahi kuniuliza. Mimi sipendi kupigwa picha. Tangu siku ya kwanza, sijapenda."