Utoto wa Mzee Tarcisio

Jua lilikuwa linazama Okwir alipopanda kilima cha Nakasero kupeleka sura ya kwanza ya kitabu kisicho chake. Ndiyo kazi aliyoianza: wewe unasimulia maisha yako, yeye anaandika, na jina kwenye jalada linakaa lako. Aliacha ualimu kwa mbwembwe, akajitangaza kwenye WhatsApp, na aliyejitokeza ni mmoja tu, Mzee Tarcisio. Badala ya kushukuru, Okwir akamdharau.

Angeachaje? Mzee ana jumba la ghorofa na walinzi getini, lakini ukimuuliza alizaliwa wapi anakukodolea macho. Mama yake? Hamjui. Alicheza na nani? Hajui.

"Utoto sina," alisema. "Nitafutie."

Okwir alimcheka wiki nzima. Alimcheka hata mbele ya mama yake, Acayo, wakila nyumbani kwa mama, mtaa wa Bwaise.

"Mtu mzima hana kwao, mama. Ona maajabu."

Acayo hakucheka. "Mtu wa hivyo umwogope, mwanangu."

Lakini kitabu kilitaka utoto, na bwana mwandishi, pamoja na majivuno yake yote, alikuwa mvivu wa kutunga. Akachota kwake. Akamwandikia mzee kambi ya polisi alikokulia yeye, mama akikaanga mbegu za simsim mlangoni, kikaango kikimuunguza mtoto mkono, na mama akipuliza kidonda huku akiimba. Mjinga huyu hatajua, alijiambia.

Jioni hiyo Nakasero, mzee alizipokea karatasi kwa mikono miwili.

"Nikisoma, ni vyangu?"

"Vyako vyote, mzee. Mimi simo kabisa."

Akasoma kwa sauti ya chini, neno kwa neno, kama mtoto wa darasa la kwanza. Okwir akapiga miayo.

Kisha akanusa simsim.

Simsim inayokaangwa... katika nyumba ambayo jiko lake halijawahi kuwashwa. Mkono ukamwasha. Akaugeuza kwenye taa. Pale palipokuwa na kovu tangu utotoni, ngozi ilikuwa laini.

Mzee alikuwa anashusha mkono wa shati juu ya kovu lile lile, taratibu. Machozi yalimtiririka.

"Kumbe iliuma hivi," alinong'ona.

Okwir hakuaga. Alishuka mbio, akarukia boda, akamwambia dereva Bwaise, upesi. Hawakusimama popote. Njia nzima alijitukana, na safari hii alistahili: kwa nini mama? Vitu vyote vya kumpa mtu, kwa nini mama?

Mlango wa Acayo ulikuwa wazi. Simsim ilinukia mpaka barabarani.

Ndani, mama yake alikuwa ameketi mkekani, ameushika mkono wa mwanamume mwenye mvi, anaupuliza. Anaimba.

Alikuwa Tarcisio.

Yule yule aliyemwacha kitini Nakasero, mzee anayemzidi Acayo umri, kichwa amekilaza begani kwake.

"Mama," Okwir aliita.

Acayo alimtazama kama anavyotazamwa mchuuzi aliyebisha mlango usio wake.

"Umepotea, ssebo?" Alimwita bwana, kama mgeni.

"Mama, ni mimi. Okwir wako."

"Mimi mwanangu ni huyu. Sina mwingine."

Alitaka kumwimbia ule wimbo, amtambue. Akafungua mdomo... Hakuna. Hata neno la kwanza halikuja, na Acayo alikuwa ameuimba sasa hivi mbele yake. Akakaa kizingitini analia.

"Ni yule anayeniandikia kitabu, mama," Tarcisio alisema kwa upole. "Mpe chakula. Bado tuna kazi naye."

Acayo akapakua, akaja na sahani mpaka mlangoni. Akamwekea mbele, akamtazama sana, kisha akageuka kwa mwanawe.

"Maskini," alinong'ona. "Mtu mzima hana kwao."