Jetoni za Saa Sita

"Taa ya Rejista izimwe. Kabla ya saa saba."

Sauti ya Kanali Placide ilitoka Lubumbashi, ikasikika kwenye redio ya Codan iliyofungwa chini ya dashibodi, ikakatika.

Amri ya namna ile haijibiwi.

Martine alikanyaga mafuta. Land Cruiser iliruka shimo moja ikatua katika jingine. Mwaka ule wa 1995 barabara ya kuingia Likasi ilikuwa imekwisha, kama kila kitu kilivyokuwa kimekwisha. Lami ilibaki vipandevipande. Wafanyakazi waliotoka kiwandani walitembea pembeni wakisukuma baiskeli zilizobeba magunia ya makaa, wala hawakugeuka kuangalia gari.

Saa ya Casio mkononi ilionyesha saa sita na dakika tatu mchana.

Kuzima taa, katika lugha ya idara yao ya ujasusi, ni kuua. Na taa yenyewe ilikuwa mtu mmoja, Barthélemy, mtunzaji wa Rejista.

Martine aliijua kazi ya Rejista. Ilikuwa kompyuta moja ya Toshiba iliyounganishwa na redio, ndani ya villa kuukuu iliyoachwa na wenyewe. Kwenye njia ya kutoka Shinkolobwe, mgodi uliofungwa ambao watu waliendelea kuuchimba kwa wizi, palikuwa na vizuizi viwili vya siri: Kambale na Ndakala. Lori likifika, dereva alitoa jetoni, yaani neno la siri la herufi nane lililochapwa kwenye kadi. Kizuizi kililituma neno hilo kwa redio, Rejista ikajibu: apite au asipite. Kila ilipofika saa sita, ya mchana na ya usiku, neno la zamani lilikufa na jipya likazaliwa.

Ila kwa siku tatu sasa, mchana ukifika, jetoni halali zilikataliwa. Na malori mawili yasiyojulikana yalikubaliwa, yakapita na mapipa ya mawe ya urani ambayo hayakupaswa kufika mikononi mwa mtu yeyote.

Lori la tatu lilikuwa njiani. Mbele ya Ndakala, ndege ndogo ya mgeni mmoja ilikuwa ikilingoja.

"Barthélemy anauza maneno," Kanali alikuwa amesema asubuhi. "Hakuna mwingine."

Martine aliegesha nyuma ya ua, akaivuta bastola yake ya Browning, akaingia kwa mlango wa jikoni.

Alimkuta mzee ameinama mbele ya kioo cha kompyuta, shati limelowa mgongoni, vipokea sauti masikioni. Rozari ilikuwa imezungushwa kwenye kifundo cha mkono. Alikuwa akiandika herufi moja moja, kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Kambale, sema tena. Polepole, mama."

"Papa Barthélemy, minye nilisha kusema mara ine!" Sauti ya mwanamke ilijaa hasira. "Camion ya dawa ya hospitali iko hapa. Jeton yake ni ya sasa. Machine inakatala!"

Barthélemy aliiandika upya. Akabonyeza. Akangoja.

Maandishi ya kijani yakajitokeza. Mzee akafumba macho.

Ndipo akahisi chuma kisogoni.

Hakupiga kelele. Alivua vipokea sauti, akaviweka mezani taratibu.

"Ni Kanali alikutuma," alisema.

"Ndiyo, papa."

"Sikuuza kintu. Lakini sitakudanganya, mama. Kosa ni yangu. Hii programu ni Kazadi aliitengeneza. Mu quatre-vingt-treize walimufukuza na Bakasai wote, wakamupakia mu train na bibi na batoto. Hakuacha hata karatasi moja. Minye nikaikala mu kiti yake." Aliishika rozari. "Sikuenda hata kumuaga ku gare ya train. Niliogopa. Sasa machine yake inanikatala."

Kidole cha Martine kilikaa kwenye kifyatulio. Mama yake mwenyewe alikuwa Mkasai, mtu wa jimbo la Kasai. Jina la baba, mtu wa Katanga, ndilo lililomwokoa Martine mwaka ule wa 1993. Mama hakuokolewa na jina la mtu. Alifia njiani, kwenye behewa, kabla ya kufika Mwene-Ditu.

Mtu aliyeuza nchi hahangaikii lori la dawa, aliwaza. Mtu huyu anatokwa jasho.

"Nisomee machine inasema nini," aliamuru. "Yote."

"Inakatala tu."

"Yote, papa!"

Barthélemy alikaza macho. "Pas encore valable."

Martine alishusha bastola kidogo.

Neno likiwa la uongo, Rejista husema la uongo. Likiwa limekufa, husema limekufa. Hii ilisema kitu kingine kabisa: bado muda wake.

"Jeton mpya ilianza saa ngapi?"

"Midi."

"Na sasa ni saa ngapi?"

"Midi na..." Mzee aliangalia ukutani, ambako saa ilikuwa imesimama tangu zamani. Martine akamwonyesha Casio. Saa sita na dakika kumi na nne.

"Uliza machine."

Alipapasa vitufe. Namba zikatokea kona ya kioo.

Saa tano na dakika kumi na nne.

Martine akazigusa namba zile kwa kidole.

"Saa ya Kinshasa," Martine alisema.

Kinshasa iko saa moja nyuma ya Katanga. Kwa mashine ile mchana haujafika. Neno jipya halijazaliwa. Na neno la asubuhi, lililopaswa kuwa maiti, lilikuwa bado linapumua. Kwa saa nzima, kila siku, yeyote aliyeokota kadi ya asubuhi angeweza kupita. Na kadi za asubuhi wauza karanga walikuwa wakizifungia karanga zao pale vizuizini.

"Nani aligusa saa?"

"Floribert, fundi ya hapa. Lundi, kuko siku tatu sasa. Alisema ni ordre ya kule juu, idara yote itumikie heure ya Kinshasa. Alikuwa na karatasi." Mzee alitikisa kichwa. "Minye nikamutengenezea chai."

"Rudisha saa. Sasa hivi."

Vidole vya Barthélemy vilianza kukimbia.

Taa ikazimika. Kioo kikawa cheusi. Kule nje, ngurumo ya jenereta ilikuwa imekata ghafla.

Martine alikuwa mlangoni kabla mzee hajasema neno.

Floribert alikuwa amechuchumaa kando ya jenereta ya Honda, koleo mkononi, anakata waya wa plagi. Alipomwona alitupa koleo, akapeleka mkono kiunoni.

Martine alifyatua. Risasi ilichimba udongo sentimita mbili kutoka kwenye kiatu chake.

"Ya pili haitakosa."

Fundi aliinua mikono. Bastola ndogo ya Makarov ilianguka kwenye majani. Martine aliipiga teke, akampekua. Kwenye mfuko wa shati palikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Amri ya kubadilisha saa. Chini yake, sahihi aliyoizoea miaka tisa.

Placide.

Muuzaji alikuwa Kanali mwenyewe. Kanali hakumtuma amfichue msaliti. Alimtuma aue shahidi.

"Unga waya," alisema.

"Weye haujue unaingia mu nini, mama."

"Unga."

Aliunga. Alivuta kamba mara mbili, mara tatu. Honda ikakohoa, ikanguruma. Martine akamfunga mikono kwenye bomba la maji kwa mkanda wake mwenyewe, akarudi ndani mbio.

Saa sita na dakika thelathini na moja.

Toshiba ilikuwa ikiamka polepole kama mgonjwa. Barthélemy alikuwa akisali kwa sauti. Redio, iliyotumia betri yake yenyewe, haikuwa imezimika.

"Rejista, Rejista, hapa Ndakala." Ilikuwa Angèle, mwanamke wa redio wa kizuizi cha mwisho. "Camion iko hapa, tente ya bleu. Beko bantu bane, na silaha. Niko na jeton yao. Nitume?"

"Ndakala, ngoja!"

"Papa, hawa bantu hawangoje. Mumoja anatoka mu camion."

Saa ilitokea kwenye kioo. Barthélemy alifuta namba. Akakosea. Akafuta tena.

"Taratibu, papa," Martine alisema, mkono begani mwake. "Moja mbele. Basi."

Akabonyeza.

"Ndakala, tuma."

Herufi nane zilishuka moja moja. Rejista ikafikiri.

EXPIRÉ.

"Neno imekufa," Barthélemy alisema redioni, sauti imemrudia. "Ndakala, neno imekufa. Funga njia."

Zikasikika kelele. Mlio wa geti la chuma. Risasi moja, mbili, kisha mfululizo. Kisha mkwaruzo wa redio tu.

"Rejista." Angèle alikuwa akihema. "Camion imesimama. Matairi yote chini. Batatu tuko nabo, wa ine alikimbia. Mapipa yote iko." Akashusha sauti. "Casimir, mulinzi wetu, amekufa. Mwambieni bibi yake, minye sitaweza."

Barthélemy aliweka paji la uso mezani.

Juu ya paa ndege ndogo ilipita, ikielekea kusini, tupu.

"Kambale," Martine alisema kwenye redio, "jaribuni tena lori la dawa."

VALABLE. Lori la hospitali likapita.

Kisha akaivuta Toshiba kwake. Alifungua orodha ya vituo vyote vilivyosajiliwa na idara. Akashuka mpaka mstari wa kwanza kabisa, uliokuwa na haki juu ya yote: Lubumbashi, Placide. Akaufuta. Mahali pake hakuandika kitu.

"Papa, una ndugu kwenye vijiji vya ziwa la Tshangalele?"

"Bibi yangu ni wa kule."

"Nenda naye leo. Usingoje jioni."

"Na weye?"

Redio iliita kabla hajajibu. Ilikuwa Lubumbashi, jetoni ya mchana huo, kila herufi mahali pake. Barthélemy aliiingiza kwa mazoea.

INCONNU.

"Rejista! Hapa ni Kanali! Taa imezimwa?"

Martine alikibonyeza kitufe.

"Samahani, baba. Hapa hakuna anayekujua."

Alizima redio, akaikunja ile karatasi yenye sahihi akaitia mfukoni, akatoka kumtoa Floribert kwenye bomba. Alimpandisha garini, akaigeuza Land Cruiser kuelekea nyumbani kwa mjane wa Casimir.